Jino la Njiru

Siku ile msumeno ulilia vibaya.
Nakijua kilio cha jiwe: kirefu, kikavu,
kama mtu anayekokota kitanda cha chuma sakafuni.
Hiki kilikuwa kifupi, cha kushtuka.
Nikazima mashine. Vumbi likatua polepole.
Chini ya jiwe la kujengea, kwenye tope la kale,
mviringo wa rangi ya chai iliyozidi maziwa,
na ndani yake duara ndani ya duara,
kama kitunguu kilichokatwa na mpishi asiye na haraka.

Gathogo, msimamizi, alichungulia akasema,
"Funika. Lori la Utawala linangoja mawe mia nane."
Kilonzi akasema, "Hiyo ni pembe. Tutafungwa."
Maana kwetu pembe haina kesi ndogo:
kuishika ni miaka, kuiona tu ni maswali.
Tukasimama watu saba ukingoni mwa shimo
kama tulioua.

Sheria sikuijua. Nilijua udongo.
Mama alifinyanga vyungu kule Mbooni,
na chungu kibichi ukikianika juani
hupasuka kabla hujamaliza kujisifu.
Nikatafuta magunia. Achola wa chapati
akanipa maji aliyooshea sahani,
akaandika kwenye daftari lake: Musembi, ishirini.

Siku tatu nikalowesha kitu nisichokijua,
asubuhi, adhuhuri, na usiku kwa tochi ya simu,
kama anayemuuguza mgeni asiyesema kwao ni wapi.
Gathogo alinikata mshahara wa siku mbili.
Ya tatu aliniletea ndoo mwenyewe,
akaiweka chini, akaondoka bila neno.

Naisula wa makumbusho alikuja na brashi,
na gundi, na mfuko mzima wa karatasi za choo.
Tukacheka. Hakujali. Akalala kifudifudi topeni,
akaivisha karatasi mbichi, tabaka juu ya tabaka,
kisha plasta, ile ile ya mguu uliovunjika.
Akauliza, "Nani aliyelowesha?"
Kimya.
Nikainua mkono kama niko kizimbani.
"Bila wewe," akasema, "ningekuta unga."

Akasema si pembe, ni jino.
Ndovu hana pembe; ni lugha yetu iliyomvika.
Wala si huyu ndovu wa mbugani tunayemjua,
ni wa ukoo mwingine, uliokwisha.
Nikamuuliza umri. Akatazama upande wa mto,
akafuta mikono kwenye suruali.
"Kabla ya mtu wa kwanza kuyaonja maji yale
na kusema kwa lugha ya nyanya yangu: baridi."

Miezi kumi na mmoja baadaye nilipanda kilima cha makumbusho
na shati la Jumapili. Akanipitisha mlango wa nyuma.
Lilikuwa limelala juu ya mchanga, refu kunishinda,
na yeye akilinywesha gundi kwa sindano,
tone, angoje, tone,
kama ndama aliyekataliwa na mamaye.

Akanionyesha mkato wangu. Umenyooka. Ni kazi safi.
Vipande viwili havikutani:
katikati pamekosekana milimita nne, unene wa meno ya msumeno.
"Utapaziba?"
"Hapana. Hapo panasema ukweli."

Nilirudi nikiwaza zile milimita nne.
Zilikuwa vumbi. Nyingine nilizivuta,
nyingine nilizikohoa juu ya ugali,
nyingine nilizisugua kichwani jioni ile, bombani kwa jirani,
zikashuka na povu mtaroni, zikaenda mtoni,
mto ambao leo hakuna anayeuonja.

Kibandiko kimeandikwa Njiru, basi.
Na lile deni la maji sijalilipa.
Achola amehamia Ruai, na daftari lake.