Safu ya Kukariri

Daftari la mahudhurio lina safu tatu:
jina, sadaka, amekariri.
Mwaka mzima, mbele ya jina la Gwantwa,
safu ya tatu nimechora kistari
kama anayefyeka nyasi, bila kuangalia.

Darasa letu, hapa Tabata Kisiwani,
ni stoo ya viti nyuma ya madhabahu.
Kwaya ya vijana wakijaribu spika
hata Mtume Paulo asingesikika.
Nikisoma, wanaitikia,
nikisoma, wanaitikia,
na Lusekelo anapanda rundo la viti
mpaka nimwite mara nne kwa jina la baba yake.

Jumapili hii ilikuwa zamu ya yule mama wa Luka
mwenye sarafu kumi, moja ikampotea.
Umeme ukakatika kwenye aya ya nane,
palepale pa kuwasha taa.
Nikabaki na Biblia gizani, nimekwama.
Kisha, sijui nini kilinituma,
nikatoa shilingi mia mbili ya nauli
nikaitupa.

Ungewaona!
Lusekelo chini ya viti, tumbo sakafuni,
kwa mara ya kwanza utundu wake una kazi.
Aikande, bingwa wetu wa mistari,
kasimama katikati: "Sasa tufanyeje, mwalimu?"
Mapacha wa mama Mbonea wakagombea ufagio,
vumbi likapanda, tukapiga chafya sote,
nami namulika kwa simu inayolilia chaji.

Gwantwa hakutafuta.
Alikaa, kichwa kakiinamisha upande
kama anayesikiliza maharage jikoni.
Kisha akanyoosha kidole: nyuma ya ngoma.
"Iliviringika," akasema, "ikagonga bati, ikalala."
Sauti ile sikuwa naijua.
Ilikuwepo.

Vigelegele vikamleta mzee Kirway mlangoni:
"Mwalimu, huku tupo kwenye maombi."
Nikaomba radhi, nusunusu.

Sarafu Gwantwa kaitia kapuni;
nimerudi nyumbani kwa miguu.
Jioni nafungua daftari. Aya hakuna aliyeikariri,
hata Aikande.
Kalamu imesimama juu ya safu ya tatu:
kistari ni dhuluma,
tiki nayo ni uongo.
Nimechora kiduara.
Mzee akikagua, akiuliza ni alama gani hiyo,
sijui nitamjibu nini.
Labda nitadondosha sarafu nyingine
miguuni pake.