Usukani wa Upande wa Pili

Jumanne asubuhi Opel yetu ilikohoa mara tatu,
ikatema moshi wa rangi ya majivu ya jiko,
ikazimika juu ya daraja la Rioni,
na honi nyuma yetu zikaanza kutusomea hitima.

Zauri hakutukana. Alishuka, akafungua boneti,
akaitazama injini kama unavyomtazama shemeji mlevi:
unamjua, umemsamehe,
lakini leo umechoka.
Natia, wa miaka saba, akauliza kutoka kiti cha nyuma,
"Leo tunasukuma, au tunangoja ipoe?"

Usiku tukamwaga mezani kopo la chai.
Lari elfu tatu na mia tisa, zimekunjwa
tangu mavuno ya zabibu ya mwaka juzi.
Mama mkwe, Eteri, akaleta mia nane
zilizofungwa kwenye soksi, fedha za jeneza lake.
"Chukueni. Mwaka huu sifi, sina nafasi."
Mnunuzi wa vyuma chakavu akaipa Opel mia sita.
Zauri akaomba mia saba.
Akapewa mia sita na sigara moja,
akaivuta palepale, akilitazama gari likiburutwa
na kiatu cha Natia bado kimo ndani.

Rustavi, uwanjani, magari hayana mwisho.
Yamegongwa ng'ambo, yamenyooshwa, yamepakwa rangi,
kila moja na kiapo chake:
hili la daktari, lile la mwalimu,
na lile la bibi aliyekwenda nalo kanisani tu.
Hadi saa sita tulikuwa tumeonyeshwa
magari tisa ya mabibi wa kanisani.
Moja, jeusi, linang'aa, tulilipenda sote.
Nikainua zulia la miguuni:
mchanga laini wa mto, harufu ya kisima.
Gari lilikuwa limewahi kuzama.
Zauri alinusa, akanusa tena,
kama mtu anayeomba pua yake imdanganye.

Tulikuwa tunarudi kituo cha basi, mikono mitupu,
nilipoiona kwenye kona, nyuma ya kibanda cha matairi:
Honda ya buluu, usukani wake kulia,
katika nchi ambayo barabara humtaka dereva kushoto.
Ndiyo maana bei yake ilikuwa imeinamisha kichwa.
Mwenyewe, Murmani, hakuapa kwa mtakatifu yeyote.
"Injini nzima. Breki nzima.
Aibu yake ni moja, na mnaiona."

Elfu tano na mia mbili.
Tukabakiwa na mia moja: petroli,
na mkate mmoja wa jibini tuliougawa watatu
juu ya boneti iliyokuwa bado na joto.

Barabara ya zamani ya Rikoti, mvua, kona juu ya kona,
mbele yetu lori la magogo linapanda kwa kunung'unika.
Zauri, kule kwake kulia, haoni ila mgongo wa lori.
Mimi nimekaa mahali pa dereva, sina hata pedali,
na barabara yote iko machoni pangu.
"Ngoja," nasema.
Anangoja.
"Ngoja. Kuna basi dogo. Ngoja."
Mtu huyu, ambaye kwa miaka kumi na moja
hakuniruhusu kumwonyesha hata mahali pa kuegesha,
anashika usukani kwa mikono miwili na kusubiri mdomo wangu.
"Sasa!"
Natia akapiga makofi. Mimi nilikuwa natetemeka.

Eteri alitungoja getini na taulo kichwani.
Hakuuliza bei. Akafungua mlango wa kushoto,
akaketi, akapapasa hewa mbele yake.
"Wamewauzia gari bila usukani?"
Tukamwonyesha. Akacheka hadi akashika mbavu,
akafunga mkanda, akaweka mkoba mapajani.
"Vizuri. Jumapili mnipeleke kanisani.
Siku mkiliuza, msiwe waongo."