Kanuni ya Kumi na Moja

Niliiandika mimi, kwa mkono wangu,
maana katibu ni mimi, na mwandiko wangu unasomeka:
Gari lisilosogea kwa siku thelathini
litahesabiwa takataka, nalo litaondolewa.
Sikumtaja mtu. Kila mtu alijua.

Kiwanja namba saba, nyuma ya mkilifi,
Mbwarahaji ameegesha nyumba yenye magurudumu:
basi kuukuu la chanjo, la mnadani Mombasa,
amelipaka nyeupe mara mbili,
na bado jua likilipiga ubavuni
herufi za CHANJO huchomoza kama mbavu.
Ndani mna jiko la gesi, kitanda, pazia la maua la marehemu,
sinki ukubwa wa bakuli la uji.
Chumvi ya Malindi imeanza kuila milango.
Limeniziba upepo wa jioni.
Nusu yake, niseme kweli.
Nusu nyingine ilizibwa zamani na ukuta wangu mwenyewe.

Tulikutana kwa Nyundo, mwenyekiti, feni imekwama.
Mmoja akasema litazaa panya. Mwingine, litazaa paka.
Hakuna aliyewaza kwamba watamalizana.
Bi Zuwena wa namba tatu akauliza choo chake kinamwaga wapi,
tukanyamaza sote,
maana kila mmoja anajua chake kinamwaga wapi.
Mbwarahaji alisoma kanuni kidole chini ya neno,
kama mtoto wa chuoni,
akauliza moja tu:
"Kusogea, katibu, ni hatua ngapi?"

Sikuwa nimeandika.

Basi kila siku ya ishirini na tisa,
baada ya alfajiri, kabla ya kijana wa maziwa,
linakohoa. Linakohoa tena. Linawaka.
Linatoka getini kinyumenyume,
linazunguka mtaa mara moja, taratibu kama biharusi,
yeye usukanini, magoti karibu na kidevu,
linanipigia honi mlangoni, mbili, fupi, za adabu,
linarudi palepale, juu ya madoa yake ya mafuta.
Mwezi wa kwanza nilifunga dirisha.
Mwezi wa tatu alinikuta macho.
Mwezi wa sita nilijikuta nimejitanda leso mpya,
nikajisuta: mwanamke mzima, unasubiri takataka!

Mwezi huu, ya ishirini na tisa ikapita kimya.
Kesho yake kuku wa namba tano walikuwa juu ya ngazi ya basi,
wamestarehe kama wapangaji.
Nyundo akanipigia simu: "Katibu, barua."
Nikaandika. Nikaipeleka mwenyewe.

Nilimkuta barazani, jicho moja limefunikwa pamba.
Wamemtoa mtoto wa jicho,
wamemkataza usukani wiki sita.
Barua hakuifungua. Aliipima uzito kiganjani.
"Leo ya ngapi?"
"Thelathini," nikasema. "Mpaka saa sita usiku."
Akachomoa ufunguo mfukoni,
umefungwa kipande cha leso iliyopauka.
"Gia ya pili ngumu. Isemeze.
Marehemu alikuwa akiisemeza."

Mimi naendesha Vitz, na hiyo kwa dua.
Nikafukuza kuku, nikapanda, pazia likanigusa bega.
Nilitafuta kishikio cha kusogeza kiti, kisha nikaacha:
kiti kilikuwa mbele kabisa,
na miguu yangu ilifika.

Nikazunguka.
Kwa Nyundo, mswaki ulimganda mdomoni.
Bi Zuwena akapunga mkono, akakumbuka, akaushusha.
Mbele ya nyumba yangu nikasimama,
nikapiga honi mbili, fupi,
kwa mwanamke ambaye leo hakuwepo dirishani,
kisha nikaitafuta gia ya pili,
nikaisemeza.