Yadi Saba

Roboti haina kiuno cha kuuma.
Hupiga mchana, hupiga usiku, pigo lile lile,
kwenye uwanja wa majaribio nje ya Fall River,
na theluji ikianza kudondoka
haipandishi kola.
Mimi nimo ndani, kahawa imepoa gotini,
nasoma namba zinavyopanda kwenye kioo:
kasi, pembe, mizunguko kwa dakika,
na ile ambayo Bwana Thibodeau huiuliza kabla ya salamu:
umefika wapi?

Umefika mbali. Yadi saba kuupita wa mwaka jana.
Vibonyeo mia tatu arobaini na sita,
kila kimoja nimekichimba kwa macho yangu,
nikakipunguza kina kwa unywele,
nikakirudisha kwa nusu unywele.
Asiyejua hudhani ulaini ndio mwendo.
La. Mpira laini kama yai
hewa huukamata kwa nyuma, huuvuta shati.
Ni wenye makovu ya ndui unaopenya.

Jumapili nikampelekea baba.

Gualter Arruda, miaka thelathini na mmoja
mbele ya mashine ya kuzungusha nyuzi,
zama ambazo mpira ulikuwa raba iliyovutwa
ikajiviringisha juu ya kiini kama hasira.
Mashine ilichukua sikio la kushoto.
La kulia lilikwenda lenyewe, kwa huruma.
Sasa husikia kwa viganja.
Akauweka mpira wangu kwenye sakafu ya jikoni,
akapima toka friji hadi mguu wa jiko,
akaugusa kwa fimbo, taratibu, mara moja,
akafumba macho.

“Bati,” akasema. “Umenitengenezea bati.”
Nikamwandikia kwenye bahasha ya bili ya umeme: YADI SABA.
Akasoma. Akaigeuza bahasha, akatazama na nyuma yake.
“Yadi saba za kwenda wapi, Delfina?
Shimo liko hapa.”

Akafungua droo ya vipande vya mishumaa,
akatoa mpira wa mwaka sabini na nne, umanjano kama jino,
akaupasua kwa kisu cha mkate.
Ganda lilipoachia, nyuzi ziliamka.
Zilirukaruka mezani, zikajinyonga, zikapanda kwenye chupa ya siki,
tambi zilizokumbuka jambo.
Tulisimama tukizitazama mpaka zikatulia.
“Nilizivuta mara tisa ya urefu wake,” akasema,
“hazijapumzika tangu siku ile.”
Nyumba nzima ikanuka raba.
Tukala supu yetu ya sukuma na soseji bila neno,
uzi mmoja ukitingishika bado karibu na chumvi.

Jumatatu nililainisha ganda. Sikumwambia mtu.
Nikaongeza utando mmoja katikati, mwembamba,
wa kumeza ukali wa kiini kabla haujafika mkononi.
Yadi moja ikaondoka. Ya pili. Ya tatu ikafuata bila kuaga.
Lakini kwa fimbo fupi, pale karibu na bendera,
mpira ulidunda mara moja, ukasita,
ukarudi nyuma kidogo
kama mtu aliyesahau funguo.

“Nani amekula yadi tatu?” akauliza Thibodeau,
kikao kizima kikanigeukia.
Nikasema ni utando. Sikusema jikoni.
Sikusema mguu wa jiko.
Akahesabu kwa kalamu, akapiga meza, akasema tutaona.

Jumapili iliyofuata, toka friji hadi jiko.
Baba akaugusa. Ukaenda, ukagonga chuma, ukatulia.
Kiganja chake kilibaki juu ya fimbo muda mrefu,
mpaka nikaanza kusikia saa ya ukutani.

“Bati,” akasema. Halafu: “Jembamba kidogo.”

Nikatoa daftari la kazini,
nikaliandika neno hilo kwenye safu ya namba,
mahali pa yadi.