Ndoo Nyuma ya Msonobari

Velta ana miaka sabini na minane, na ndoo ya bati
kuukuu kumzidi marehemu mumewe.
Kila mkesha wa Krismasi huijaza maji pomoni,
huiweka nyuma ya mti, ubavuni mwa ukuta wa mbao,
pamoja na sifongo iliyofungwa ncha ya mpini wa ufagio.

Nje, mjini Kuldīga, theluji imeyashika mapaa
na mto umenyamaza chini ya barafu.
Ndani, harufu ya nta, ya tangawizi, ya machungwa,
na Raitis, mjukuu aliyekuja kwa basi kutoka Riga,
anacheka: "Bibi, hata mwaka huu?"

Hamjibu. Anatia kidole
katika beseni lililoshika shina: maji yamepungua, anaongeza.
Mti wenye kiu, husema, ni kuni zilizovaa mapambo.
Kisha mishumaa. Kila mmoja na kibanio chake,
kila mmoja na anga lake, pasiwe na tawi juu ya utambi.
Huwasha kuanzia juu kushuka,
mkono usije ukapita juu ya ulimi wa moto;
atazima kuanzia chini kupanda.
Mikono ya sweta ameikunja hadi viwikoni.

Kinga na kinga, walisema, ndipo moto uwakapo.
Lakini neno hilo lina nyuso mbili:
kinga ni kijinga kitokacho mekoni kingali chekundu,
na kinga ni ngao.
Velta ameshikana mikono na zote mbili.

Mwaka ule wa sitini na moja
mti ulikuwa umekaa ndani siku kumi na moja.
Wakaitwa mezani. Dakika tano tu,
kula njegere za kijivu na nyama ya moshi,
maana kwao njegere za mkesha huliwa zikaisha:
punje ibakiyo sahanini ni chozi la mwaka ujao.
Mtu akafungua mlango.
Upepo.
Pazia.
Ikasikika sauti kama ya shuka inayochanwa.
Dada yake, Dzidra, aliukimbilia mti
kwa mikono mitupu.

Sahani zilirudi jikoni
na njegere zake.

Dzidra aliishi miaka mingi baadaye.
Alivaa glavu hata Julai,
hata akichuma stroberi.

Kwa hiyo leo njegere zimeletwa hapa, magotini,
bakuli kwa bakuli, mbele ya mti.
Hakuna atokaye chumbani mshumaa ukiwaka,
simu ikilia na ilie.
Mapazia yamepigwa fundo kama nywele za mpishi.
Raitis alikuwa ameshindilia kwenye soketi moja
hita, chaja, na taa za rangi za dirishani;
Velta aliinama, akachomoa hita bila neno,
kama mtu ang'oaye gugu katika shamba la mwenzake.
Darini king'ora cha moshi kinakonyeza jicho jekundu.
Betri yake mpya, ya Novemba.

Binti wa Raitis, Madara, ana miaka mitano.
Anauliza ndoo ni ya nani.
"Ya mgeni," anasema Velta, "akija bila kualikwa."
Mtoto anawaza, kisha anaamua mwenyewe
kwamba ni farasi wa Mzee wa Krismasi,
aliyetoka mbali, na theluji masharubuni.

Asubuhi mishumaa ni vishina vya nta baridi.
Madara anashuka kitandani bila soksi,
anachungulia nyuma ya mti.
Maji yako palepale, hadi ukingoni;
sindano moja ya msonobari inaelea.
"Hakunywa!" anapiga kelele. "Hakunywa hata kidogo!"

Velta anakoroga kahawa, anakoroga tena
ingawa sukari imekwisha kuyeyuka.
"Hakuwa na kiu mwaka huu," anasema.

Raitis anainuka. Hacheki.
Anaibeba ndoo kwa mikono miwili hadi mlangoni,
hatua kwa hatua,
asimwage hata tone.