Lakata Nini?

Brosha ilikuwa ya kurasa nne,
ya mashine ya kusoma picha za mapafu,
na Hilary alikwisha kuandika mara tano
lile neno lao la maungo mawili
lililoshonwa kwa kistari katikati:
makali-yakatayo.
Kamera ya makali-yakatayo. Programu ya makali-yakatayo.
Hata huduma kwa wateja, makali-yakatayo.

Baba yake akaipeleka karatasi dirishani,
kwenye mwanga mchache wa Novemba ya Sheffield,
akaisoma kama akaguavyo bapa la kisu,
jicho moja kalifumba.
"Lakata nini?"
"Hakuna kinachokatwa, Baba. Maana yake ni mpya.
Iko mbele ya wenzake."
"Mbele?"

Enoch Staniforth alinoa visu miaka thelathini na minane,
kapanda kigogo nyuma ya jiwe kama mpanda farasi,
maji ya manjano yakimrukia magotini.
Kwetu twasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Yeye alinoa vya wenzake, akala viazi.
Kidole chake cha shahada kiliishia njiani.

"Makali hayako mbele," akasema.
"Ni pale chuma kinapokwisha.
Ukigeuza kisu kwenye taa ukaona mstari mweupe,
hapo ni butu.
Yaliyo makali kweli hayaonekani."

Hilary akacheka. Akamweleza kuwa mafundi wa kompyuta
wana neno jingine, la utani,
kwa kitu kipya mno hata anayetangulia kukinunua huumia:
makali-yavujayo-damu.
Mzee akainua kigutu cha kidole.
"Hilo lilitungwa na mnoaji."
Huenda.
Au na mtu wa vidole kumi kamili
aliyeletewa ankara.

Kisha kikohozi kikamshika,
kile cha asubuhi, kirefu, kikavu,
na wote wawili wakangoja kimalize
kama watu wanaopisha garimoshi.

Jumanne daktari aliwaonyesha picha:
vidoa vyeupe, vingi, kama chokaa iliyorushwa na mtoto.
Jiwe lilinoa chuma,
na chuma kikalirudisha jiwe kifuani mwake, punje kwa punje.

"Hiyo mashine yenu," akasema, akifuta mdomo,
"ingeliliona vumbi mapema?"
"Ingeliona."
"Miaka kumi mapema?"
"Labda kumi."

Akamrudishia karatasi.
"Basi andika inaona."