Sekunde Nne

Miaka sita, Bac Ninh, mkanda wa saba,
kazi yangu ilikuwa mota ya mtetemo:
kidude kama kucha ya kidole cha mwisho,
kinachoitikisa simu mfukoni
mtu akikutafuta.
Kibanio, gundi, bonyeza. Sekunde nne.
Inayofuata.

Simu zilinijia hazina uso,
zikaniacha hazina uso.
Kioo kiliwekwa huko mbele, na Tuyen,
niliyeshirikiana naye godoro la bweni,
yeye zamu ya usiku, mimi ya mchana;
godoro lile halikupata kupoa.
Wanasema haba na haba hujaza kibaba.
Haba niliitia. Kibaba sikukiona.

Nilipoacha kazi, mwezi wa nne,
sikununua simu.
Nilinunua bisibisi.

Lile soko la Hanoi wanaliita Soko la Anga,
ingawa anga yenyewe huioni kwa maturubai.
Humo simu huuzwa kama kuku:
paja, kidari, shingo,
utumbo kwa kilo.
Luong, meza ya tatu baada ya wauza minyororo ya baiskeli,
aliniuliza, "Kioo cha simu gani?"
"Yangu."
"Ya kampuni gani?"
"Bado haijazaliwa."
Akacheka mpaka sigara ikamdondoka
juu ya ndoo ya spika.

Kioo nilichopata kilikuwa na ufa pembeni,
mwembamba, kama unywele ulioanguka kwenye wali.
Bodi ilitoka kwa mtu aliyeshindwa kulipa deni.
Betri niliitaka nene, isiyojali urembo,
maana kwa mama, Thai Binh, dhoruba ikibisha hodi
umeme ndio wa kwanza kukimbia.
Kamera sikutaka.
Kiwandani tulipigwa picha tukiingia, tukitoka,
tukienda haja.
Tundu lake nimeliziba kwa kifungo
cha shati langu la kazi.

Ganda nililichonga kwa ubao wa kukatia mboga,
wa mwanzi, uliopasuka wakati wa sikukuu.
Nimeupiga msasa siku tatu.
Bado nikiongea
sikio langu hunuka kitunguu saumu.

Mara ya kwanza ilitoa moshi.
Mara ya pili iliwaka kijani, kijani tu,
kama dimbwi lisilo na chura.
Wiki mbili nilitafuta utepe wa kioo
ulionipungukia kwa nusu sentimita,
na Luong kila nikitokea anaimba,
"Mama Kampuni huyo, mpisheni!"
Mara ya tano ikawaka sawasawa
ikanisalimu kwa Kipolandi,
lugha ya mtu aliyeipoteza sijui wapi.
Nami nikaiitikia.

Mota niliiacha mwisho.
Luong alinipa bure: "Hiyo nani huiulizia?"
Nilisema hii nitaiweka polepole,
nitaionja, nitaitazama ikikaa.
Mkono haukunisikiliza.
Kibanio, gundi, bonyeza. Sekunde nne.
Na shingo yangu, yenyewe,
ikageuka kushoto kungoja inayofuata.

Ukuta. Kalenda. Sufuria ya chai.
Hakuna inayofuata.

Kwa zamu moja niliweka elfu mbili na mia nane.
Zidisha mwenyewe; mimi nilishia njiani.
Utapata mji mzima unaotetemeka
mifukoni mwa watu nisiowajua,
na sikuwahi kuisikia hata moja.

Saa kumi na mbili asubuhi Tuyen alitoka zamu,
akachukua simu yake kabatini, akapiga.
Meza ikanguruma.
Kijiko kikalia ndani ya kikombe.

Najua atakachosema akija kuiona:
kipande cha mbao, nzito, haina hata jicho.
Aseme. Bura yangu sibadili na rehani.

Sikupokea.
Niliiacha itembee,
ikijisukuma kidogo kidogo kwenda ukingoni
kwa nguvu ya kile kidude,
nami nimeinama nimeikingia mkono chini.